Filta Iliyokazwa kwa Heshima ya Mgeni

TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE. Uongozi wa Chama cha Wakulima unapenda kuwaarifu kwamba msumari wa kutundikia ufunguo wa trekta, ambao kwa muda mrefu ulikuwa upande wa kushoto wa mlango wa ofisi, umehamishiwa upande wa kulia. Mabadiliko haya yanaanza kutumika mara moja. Mwanachama atakayeutafuta ufunguo upande wa zamani atakuwa amefanya hivyo kwa hiari yake mwenyewe, na uongozi hautawajibika kwa usumbufu wowote utakaompata.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatano asubuhi, likiwa limepigwa mhuri juu na chini. Lilimhusu mtu mmoja tu, dereva wa trekta, kwani hapakuwa na mwanachama mwingine aliyewahi kuugusa ufunguo huo. Dereva alilisoma mpaka nukta ya mwisho, kama alivyozoea kusoma kila kitu kilichopigwa mhuri, kisha akanyoosha mkono upande wa kulia. Msumari ulikuwapo. Ufunguo haukuwapo.

"Katibu, ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi," Katibu alijibu kutoka ndani. "Tumehamisha msumari. Ufunguo ni suala jingine. Ingia."

Dereva aliingia, akasimama, kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa kimekaliwa na mafaili.

"Saa za injini zimetimia," Katibu alisema. "Trekta halitoki uani mpaka oili imwagwe na filta ibadilishwe. Oili mpya hiyo hapo, filta mpya hiyo hapo. Nimekuandalia kila kitu, na ufunguo utaukuta juu ya dumu, usije ukasema hatukujali."

"Nashukuru, Katibu. Lakini limebaki shamba moja."

"La nani?"

"La nyumbani kwangu."

"Ah, basi vizuri," Katibu alisema, na sauti yake ikalegea kama ya mtu aliyeletewa habari njema. "Wanachama wote wameshalimiwa. Umebaki wewe tu, na wewe ni mtu wa humu humu. Hakuna anayeumia."

Dereva hakuwa na wa kumlaumu. Msimu ulipoanza, ni yeye mwenyewe aliyeliweka shamba la nyumbani kwake mwisho wa foleni, ili asije akasemwa kwamba anajilimia kwa dizeli ya watu. Hakusemwa. Hakusifiwa pia, kwa kuwa hakuna aliyetambua kwamba alikuwa amejinyima kitu. Uadilifu wa namna hiyo una kasoro moja: shahidi wake pekee ni yule yule anayepata hasara.

"Nakuomba, Katibu. Nilime leo, jioni nikirudi ninamwaga oili. Ni kazi ya nusu siku."

"Na likikufia huko?"

"Halitakufa."

"Likifa kwenye shamba la mwanachama, limekufa kazini. Likifa kwenye shamba la mkeo, limekufa kwa nini? Hebu niambie, nikawaambie watu."

Dereva alichukua dumu la oili kwa mkono mmoja na filta kwa mwingine, akatoka.

Shamba lenyewe halikuwa hata lake. Lilikuwa la mwalimu mstaafu, jirani yao, nalo lilikuwa limelala misimu kadhaa mpaka vichaka vikajichukulia umiliki. Mwalimu alikuwa amempa mke wa Dereva, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji, alilime msimu mzima na avune kila kitakachoota, kwa sharti moja: livunjwe kwa trekta, chini kabisa, mizizi yote itoke, na iwe imekwisha kabla Jumamosi haijafika. Ikifika Jumamosi bado, eneo lingekwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, ambaye alikuwa na trekta lake mwenyewe. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ya Dereva kilikuwa ndani ya sharti hilo.

Filta ya oili ya trekta ni kikopo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa injini. Katika trekta la Chama ilikuwa imejibanza kati ya pampu ya dizeli na bomba la usukani, mahali ambapo mkono huingia lakini kiwiko hubaki nje. Kwa kawaida mpira wake wa duara hupakwa oili kidogo, kikopo hukazwa kwa mkono, na siku ya kubadilishwa hufunguliwa kwa mkono huo huo. Hii haikukazwa kwa kawaida. Ilikazwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Mwenyekiti wa Chama alikuwa na desturi ya kufungua kila mkutano kwa kuita "Chama!", na wanachama wakaitikia "Kaza!" Mgeni alipotarajiwa, Mwenyekiti aliingiwa na hofu ya tone moja la oili kudondoka chini ya trekta mbele ya kamera. Akaamuru mpira wa filta ufungwe mkavu, kwa kuwa oili ingechafua rangi mpya. Akaazima spana ya mnyororo kutoka karakana ya mjini. Kisha akasimama nyuma ya Dereva akisema, "Kaza! Kaza bado! Kaza!" mpaka bati likalia. Baada ya hapo akaletwa mchoraji wa mabango, akapaka buluu kila kitu ambacho hakikumkimbia: ubavu wa injini, filta, maandishi yaliyokuwa juu ya filta, na ule mwanya mwembamba ambapo filta inakutana na injini. Mgeni rasmi alilitazama trekta kupitia kioo cha gari, akasema linapendeza, akaenda kula. Hakikudondoka kitu. Spana ya mnyororo ikarudishwa karakana.

Jumatano hiyo Dereva alianza kwa kumwaga oili ya zamani, kosa ambalo hufanywa na watu wenye matumaini. Ilipokwisha kutoka yote, akaingiza mkono kuishika filta, akaizungusha. Mkono ulizunguka. Filta haikuzunguka.

Akafuta kikopo kwa kitambaa, akajaribu tena. Akafunga kipande cha msasa, upande wenye makwaruzo ndani, akajaribu tena. Msasa ukakwangua rangi ya mchoraji na ngozi ya kidole gumba. Wanachama waliokuja ofisini kwa shughuli zao walipita uani, na kila mmoja alisimama kutoa msaada uliokuwa karibu, yaani ushauri.

"Igonge kidogo iamke."

"Mwagia maji ya moto."

"Mwagia ya baridi, bati lisinyae."

"Ungeifungua zamani, isingeshika hivi," alisema wa mwisho, akaondoka akiwa ameridhika kabisa.

Mchana Dereva alivua mkanda wake wa suruali, akauzungusha kwenye kikopo, akapitisha kipande cha bomba, akavuta kwa uzito wake wote. Mkanda ulikatika. Alimaliza siku ile akifanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshikilia suruali, mbele ya dirisha la ofisi ambalo Katibu alikuwa amelifungua apate hewa.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa sebule, karakana ya cherehani na mahali pa kulala mama yake Dereva. Vitambaa vya wateja vilitundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo mtu aliyeingia ilimbidi ainame, na Dereva aliinama jioni ile kuliko ilivyolazimu.

"Nasikia kuna kikopo kimekushinda," alisema mama yake.

"Si kikopo, Mama. Ni filta."

"Kikopo kikikushinda lazima kiwe na jina kubwa."

Mshonaji hakucheka. Aliisimamisha cherehani kwa kiganja, akamtazama mumewe mikono, kisha kiunoni.

"Mkanda uko wapi?"

"Umekatika."

"Umekatikia wapi?"

"Kwenye filta."

Alivuta utepe mweusi kutoka kwenye kikapu cha mabaki, akampa ajifunge. "Kesho ni Alhamisi," alisema. "Baba, tuna kesho na keshokutwa. Nani aliifunga hiyo filta ikawa hivyo?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Niliambiwa nikaze."

"Na hukujua kwamba kuna siku utaifungua?"

"Nilijua."

"Ukakaza tu."

"Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, mke wangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi nikishona," Mshonaji alisema, "mteja hata akisimama nyuma yangu na rungu, siifungi shingo ya gauni. Kichwa kitapita wapi?" Akairudia cherehani, na mguu wake ukaendesha pedali kwa nguvu kuliko ilivyohitaji pindo la kawaida.

*

Asubuhi Mshonaji alikwenda kwa Mwalimu. Alimkuta barazani, akisoma gazeti la wiki iliyopita na kalamu mkononi, akisahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Trekta silisikii."

"Linafanyiwa matengenezo. Filta imegoma."

"Filta haigomi. Hugoma mtu. Filta hukwama."

"Imekwama, Mwalimu."

"Sasa tumeelewana." Alikunja gazeti. "Mume wako si ndiye dereva?"

"Ndiye."

"Kama mke wa dereva hajalimiwa mpaka leo, mimi mwenye eneo tu nitegemee nini?"

"Naomba uniongezee mpaka Jumatatu. Au nianze kwa jembe, mimi na mama mkwe, trekta likija limalizie."

"Sikusema lilimwe. Nilisema livunjwe. Jembe litakata majani, mizizi itabaki inakucheka, na mwakani nitakuwa na vichaka vile vile vilivyonyolewa nywele." Hakusema kwa ukali; alisema kama mtu anayesoma swali la mtihani. "Na Jumamosi si yangu peke yangu. Mwenye mashine naye nimemwahidi. Nikiisogeza kwa ajili yako, yeye nitamwambia ameonewa na nani?"

Mshonaji alisimama, akasema ameelewa, ingawa kuelewa hakukuwa tatizo lake.

"Aa, mwanangu," Mwalimu alimwita alipofika nje. "Kuna suruali yangu pindo limefumuka. Kwa kuwa umefika."

Aliichukua. Hakuuliza malipo, na Mwalimu, kwa upande wake, hakulizungumzia jambo hilo.

*

Kaka yake Mshonaji alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Tayari, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kulitamka neno hilo kazi ikiwa bado katikati, na mara nyingine ikiwa haijaanza. Alifika uani Alhamisi hiyo na mnyororo wa baiskeli begani.

"Shemeji, hii ndiyo spana ya mnyororo. Tofauti ni jina tu."

Waliuzungusha mnyororo kwenye kikopo, wakauunganisha na bomba la chuma. Nafasi ilikuwa finyu, hivyo wakagawana kazi: Dereva alilala chini ya injini kuushikilia mnyororo usiteleze, Tayari akapanda juu kuvuta bomba.

"Vuta kushoto!" Dereva alipaza sauti kutoka chini.

"Kushoto kwako au kushoto kwangu?"

"Kushoto kwa filta!"

"Filta inatazama wapi?"

"Imening'inia! Mdomo uko juu!"

"Basi kushoto kwake ni kushoto kwangu."

"Wewe uko juu, mimi niko chini, shemeji. Mimi ndiye ninayeiona."

"Mimi ndiye ninayevuta."

Walivuta. Kikopo kilijipinda kidogo, bati likatoa mlio, na Tayari akatangaza, "Tayari!" Walipokagua, mstari wa rangi ya buluu katika mwanya ulikuwa haujapasuka popote. Ndipo Dereva alipotambaa kutoka chini, akasimama mahali alipokuwa shemeji yake, akatazama mnyororo ulivyozungushwa.

"Tulikuwa tunakaza," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze."

Tayari alifuta jasho. Hakuwa mtu wa kukaa na huzuni. Alipita moja kwa moja hadi kosa linalofuata. Alitoa bisibisi ndefu na nyundo. Ipo njia hiyo, inayojulikana na mafundi wote, ya kulitoboa bati la filta kutoka upande hadi upande na kuitumia bisibisi kama mpini wa kuzungushia. Hufaulu pale ambapo filta ilikuwa karibu kufunguka yenyewe.

"Usitoboe," Dereva alisema.

"Una njia nyingine?"

Tayari alipiga nyundo; bisibisi ikaingia, na oili nyeusi iliyokuwa imebaki ndani ikachuruzika juu ya rangi ya mgeni rasmi. Alivuta mpini upande sahihi, kwa mara ya kwanza siku ile. Bati lilichanika taratibu, kutoka tundu moja hadi jingine, na kikopo kikabaki kinaning'inia kama mfuko uliofumuka. Sahani yake ya chuma, ile inayoshika nyuzi za skrubu za injini, haikutikisika.

"Shemeji, sema kitu."

"Niseme nini? Ilikuwa imekwama ikiwa nzima. Sasa imekwama ikiwa imechanika."

Hata hivyo, kilichobaki kiliweza kufikika. Bati likiondolewa lote, ukingo wa sahani ungekuwa wazi, na mtu mwenye tindo, patasi ya kukatia chuma, angeweza kuugonga kidogo kidogo kuzunguka, mpaka uachie. Ilikuwa kazi ya subira na haikuhitaji nguvu. Wote wawili walikubaliana, bila kubishana kushoto ni wapi. Mchomeleaji wa barabara ya pili alikuwa na tindo zuri. Tayari alipanda baiskeli kwenda kuliazima, na Mshonaji, aliyekuwa amekuja na chakula, akasimama kando akisubiri kuona trekta likipona.

Aliyeingia uani kwanza alikuwa Mwenyekiti, akifuatwa na Katibu.

"Chama!"

"Kaza," Dereva aliitikia kwa mazoea, mikono ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Mwenyekiti alilizunguka trekta, akainama, akainuka. "Nani ametoboa mali ya wanachama?"

"Ni filta ya zamani, Mwenyekiti. Ni ya kutupwa. Hata ingetoka nzima ingetupwa."

"Inatupwa ikishatoka. Kabla haijatoka ni mali ya Chama." Alimgeukia Katibu. "Andika."

Katibu aliandika.

"Inachukua saa moja tu," Dereva alisema. "Tindo liko njiani. Nagonga ukingo, sahani inaachia, nafunga mpya, naweka oili. Ilishika kwa sababu ilikazwa kupita kiasi, Mwenyekiti. Siku ile ya mgeni. Ulisema nikaze."

Mwenyekiti hakukasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mimi husema kaza kwa watu wote," alisema. "Nimesema kaza kwa akina mama wa kikundi cha kuku. Nimesema kaza kwenye mazishi. Hakuna aliyevunja kitu. Wewe peke yako ndiye uliyelichukua neno la hamasa ukaliingiza kwenye spana."

"Ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Nilikuwa nakutia moyo!"

Mshonaji aliweka chini sahani ya chakula, akasogea. "Mzee Mwenyekiti, nakuomba. Mwache amalize leo. Kosa lake mtalijadili hata mwaka mzima, hatakimbia, tunaishi hapa hapa. Lakini nikifika Jumamosi sijalimiwa nimepoteza eneo. Nitawalisha nini watu wangu?"

"Mama, nakuelewa sana."

"Kama unanielewa, mwache agonge."

"Mimi nakuelewa. Kamati bado haijakuelewa." Alimwonyesha Katibu kidole. "Kamati ikutane Jumamosi asubuhi, akidi itakuwa imetimia. Mpaka hapo trekta lisiguswe. Akiligusa, hana kazi."

Tayari aliingia uani akipiga kengele ya baiskeli, tindo likiwa limefungwa kwenye karia. "Tayari!" alisema, akawaona, akashuka.

*

Siku nzima ya Ijumaa tindo lilikaa juu ya meza ya cherehani, juu ya suruali ya Mwalimu. Mshonaji alishona kulizunguka. Dereva aliketi mlangoni. Mama yake aliketi kitandani, akiwatazama kwa zamu.

"Uani hakuna lango," Mshonaji alisema hatimaye.

"Najua."

"Hakuna mlinzi."

"Najua, mke wangu."

"Ungeenda sasa, jioni hii ungekuwa umelilima hata nusu. Mwalimu akiona nusu atasubiri nusu."

"Nimeambiwa nisiguse."

Mguu wake uliacha pedali. "Ukiambiwa kaza, unakaza mpaka chuma kinalia. Ukiambiwa acha, unaacha mpaka nyumba inalala njaa. Itakuja siku mtu akuambie kitu, umwulize kwa nini?"

"Nikifukuzwa je?"

"Ukifukuzwa tutakuwa na shamba. Ukibaki tutakuwa na nini?"

"Tutakuwa na kazi."

"Kazi ya trekta lisiloguswa."

"Mwanangu," mama yake Dereva alisema, na safari hii hakutania, "mkeo anakuomba."

Dereva aliinuka, akachukua tindo na nyundo, akavifunga ndani ya kitambaa, akatoka. Mshonaji alimaliza pindo la Mwalimu, akakata uzi kwa meno, akaanza kusikiliza. Kutoka uani hadi pale hapakuwa mbali. Chuma kikigongwa kwa chuma kingesikika.

Dereva alifika uani, akakuta hakuna mtu. Aliinama kwenye ubavu wa injini, akabandua mabaki ya bati kwa macho tu, akaona mahali hasa ambapo pigo la kwanza lingetua. Aliweka tindo karibu na ukingo, bila kugusisha. Alikuwa na mkono mzuri; angeweza kuimaliza kazi hiyo akiwa anafikiria kitu kingine. Alifikiria kitu kingine: barua, mhuri juu na chini, na jina lake katikati. Alisimama hivyo kwa muda ambao ungetosha kuifungua filta, kisha akakunja kitambaa chake.

Aliporudi, jua likiwa bado halijazama, Mshonaji hakumtazama usoni. Alifungua kitambaa, akalitazama tindo. Lilikuwa safi. Mama mkwe, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliomba apewe maji ya kunywa.

*

Jumamosi asubuhi Mshonaji aliipeleka suruali. Kabla hajaifikia nyumba ya Mwalimu alisikia injini, na moyo wake, ambao haukuwa umearifiwa chochote, ulifurahi kwa hatua kadhaa. Kisha akaliona trekta. Lilikuwa jekundu. Dereva wa mwenye mashine ya kusaga alilipeleka na kulirudisha bila haraka, na nyuma yake vichaka vilipinduka miguu juu, mizizi ikitoka na udongo mweusi mzito. Mshonaji alikaa akitafuta kasoro. Mistari ilikuwa imenyooka. Kina kilikuwa kile kile alichotaka Mwalimu.

"Pindo limekaa vizuri," Mwalimu alisema, akiigeuza suruali kwenye mwanga. "Wewe ni fundi. Pole kwa hili lingine."

"Asante, Mwalimu."

"Msimu ujao tutaona."

Mshonaji alikwenda ofisini. Kamati ilikuwa imejifungia tangu asubuhi, na sauti ya Mwenyekiti ilikuwa ikipanda na kushuka nyuma ya mlango. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi, amevaa shati lake la mikutano, kiunoni akiwa bado amejifunga utepe mweusi.

"Limevunjwa," Mshonaji alisema.

"Lote?"

"Nusu. Adhuhuri litakuwa lote."

"Labda mwenye mashine tukimwomba atuachie hata upande wa..."

"Usimalize, baba. Tafadhali. Usimalize."

Aliketi kando yake, si karibu sana. Mbele yao, trekta la buluu lilikuwa limesimama pale pale, doa jeusi la oili likiwa limekauka ubavuni, mabaki ya bati yakitikiswa na upepo. Tayari alikuwa amelifunga tena tindo kwenye karia ya baiskeli; mchomeleaji alikuwa akilihitaji.

Mlango ulifunguliwa. Katibu alitoka na karatasi, wajumbe wakasimama nyuma yake, wengine wakinyoosha migongo kwa uchovu wa kukaa. Dereva aliinuka. Mkewe hakuinuka.

"Kamati," Katibu alisoma, "baada ya kulisikiliza suala hili kwa kina, kulitembelea trekta lenyewe na kulikagua kwa macho, na baada ya kupima maslahi ya wanachama wote, imeamua kwa kauli moja yafuatayo. Kwamba filta iondolewe. Kwamba kazi ya kuiondoa ifanywe na dereva, kwa kuwa ndiye mwenye ujuzi nayo. Na kwamba, ili kuepusha uharibifu zaidi, trekta lisiguswe na mtu yeyote, dereva akiwamo, mpaka filta itakapokuwa imeondolewa."